Kumfuata Mick Ronson, wiki ya sita: msasa, kabari na fidla

Nilijipa wiki nne kuimaliza solo ya mwisho (pale gitaa linapotamba peke yake) ya "Moonage Daydream", wimbo wa mwimbaji Mwingereza David Bowie ambao gitaa lake alilipiga Mick Ronson. Hii ni ya sita, bado nahangaika na sekunde ishirini za mwanzo, na gitaa langu halina rangi.

Nianze na hilo la rangi. Ronson alikuwa na Gibson Les Paul Custom ya 1968, nyeusi, akaibandua rangi ya usoni mpaka mbao ikabaki wazi. Ndiyo ile anayoonekana nayo kwenye picha za enzi za Ziggy Stardust, mhusika wa kubuni ambaye Bowie alimwigiza jukwaani. Na mimi kwa kiherehere changu nikanunua msasa. Yeye chini ya rangi alikuta mti wa maana. Mimi nilikuta unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, rangi ya biskuti. Mke wangu aliitazama baraza ilivyojaa vumbi jeusi, akasema "Haya," akaingia ndani. Sauti haikubadilika hata chembe.

Kilichobadilisha sauti ni kabari. Wengi wetu pedali ya wawa, ile ya mguu inayogeuza sauti ya gitaa, tunaikanyaga juu chini kama cherehani. Ronson alikuwa akiiacha imesimama katikati, kwa hiyo sauti za kati zinatokeza na gitaa linapata koo la mtu. Mguu wangu hautulii, ukishuka kidogo tu sauti inakuwa ya nyuki. Nikachonga kipande cha mti nikakichomeka chini ya kanyagio. Jumatano usiku nilivuta uzi mmoja, nikaushikilia, na kwa mara ya kwanza ukaimba badala ya kupiga kelele. Yeye amplifaya yake ilikuwa Marshall Major ya wati 200. Yangu ni wati 15, na jirani ana mtoto mchanga.

Watu huniuliza nilimjuaje mzungu huyu. Kwa sababu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Unguja. Nilikuwa naangalia tamasha la kumkumbuka, Wembley, 20 Aprili 1992, akatokea mpiga gitaa mwenye nywele za dhahabu pamoja na David Bowie na mwimbaji Ian Hunter. Macho yakabaki kwake. Baadaye ndipo nikajua kwamba siku ile tayari alikuwa na saratani ya ini. Alifariki Aprili 1993, ana miaka 46.

Kuhusu solo yenyewe: Bowie alisimulia kwamba alikuwa akimchorea Ronson umbo la solo kwenye karatasi. Hii ilianza kama mstari ulionyooka, ukapanuka kama mdomo wa tarumbeta, ukaishia vipande vipande vilivyotawanyika. Na Ronson akaupiga mchoro! Nimeuchora wangu kwa penseli za rangi za binti yangu, nimeubandika ukutani. Chini ya solo, kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinashuka, Bm, A, G, F#, zinarudi. Tangu niubandike mchoro nimeacha kuhesabu freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, ingawa pale kwenye vipande bado napotea.

Lakini jambo lililonivuruga mipango ni jingine. Mwanzoni mwa 1970 Ronson alikuwa mtunza bustani wa manispaa ya Hull. Mwaka uliofuata anampangia Bowie fidla za albamu ya Hunky Dory, na 1972 yeye na Bowie wanamtengenezea mwimbaji Mmarekani Lou Reed albamu ya Transformer. Nilimpelekea maalim wangu wa fidla "Perfect Day", wimbo wa albamu hiyo, asikilize. Akauliza gitaa la huyo bwana liko wapi. Nikamwambia hapo amekaa kwenye piano, na fidla hizo amezipanga yeye. Maalim akaomba irudiwe, mara tatu.

Basi nikajaribu kuupangia fidla wimbo wa rafiki yangu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na noti kila mahali. Maalim alisoma mistari miwili tu, "Mwanangu, huyu mwimbaji atapumulia wapi?" Nikafuta karibu nusu. Kwenye ubeti wa pili sasa kuna noti moja ndefu tu, inayoingia mwimbaji akishanyamaza, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Wapigaji wawili wamekubali kuja Jumapili tuijaribu. Wa tatu anataka kwanza nauli ya kutoka Mahonda.