Dawa ya mbegu na maharage yangu ya Kasulu
Msimu uliopita nilipanda maharage hapa Kasulu bila kuzitia mbegu dawa, nikiamini kwamba kuzichambua kwa mkono kungetosha. Wiki ya tatu miche ilianza kunyauka, na nilipong'oa mmoja nikakuta shina limevimba na kupasuka karibu na udongo, ndani yake mna vifuko vidogo vya kahawia. Alikuwa inzi wa maharage, ambaye hutaga mayai kwenye majani machanga, kisha funza wake hushuka ndani ya shina hadi shingo ya mzizi.

Safari hii nimechanganya mbegu na imidakloprid, dawa ya kuua wadudu ambayo mche huifyonza unapoota, pamoja na thiramu, inayozuia ukungu unaoozesha mbegu ardhini lakini haimuui inzi huyo (muuza dawa mmoja aliwahi kuniuzia thiramu pekee, akidai inamaliza yote). Nilivaa glavu na barakoa, nikazungusha ndoo yenye mfuniko hadi kila punje ikawa nyekundu. Rangi hiyo ni ya onyo, kwa hiyo mbegu zilizobaki nimezifungia mbali na jiko, maana hata zikioshwa haziliwi.