Siku moja maishani mwangu: siku ya pampu ya ngama

Saa 12 asubuhi

Leo hatuendi kuvua. Mashua imefungwa gatini, injini imepoa, na mimi, fundi wa chombo, nina kazi moja tu mpaka jioni: pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya ngamani, chini kabisa ya chombo, na kila kinachohusiana nayo, kuanzia betri hadi tundu la ubavuni maji yanapotokea.

Kabla sijagusa swichi yoyote, nafungua vifuniko vyote vya sitaha na kunusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama chini kabisa ya chombo, palepale pampu ilipo. Injini yetu ni ya dizeli, lakini tunabeba dumu la petroli la injini ndogo ya akiba, na dumu likivuja kidogo tu, cheche moja ya swichi inatosha kulipua chombo. Naacha vifuniko wazi, upepo upite vizuri, ndipo nashuka.

Kitu cha pili ni kuyatazama maji kabla ya kuyatoa. Wengi hukimbilia kuwasha pampu, ngama ikauke, wafurahi. Mimi nataka kwanza kujua yametoka wapi. Maji baridi yasiyo na chumvi ni ya mvua au ya barafu ya samaki iliyoyeyuka. Maji ya chumvi yameingia kutoka nje, na hayo lazima yatafutiwe njia yaliyopitia. Leo ni ya chumvi, si mengi, yamefika chini kidogo ya taruma la tatu, ubavu wa tatu wa mbao za chombo. Nachora mstari wa chaki pale yalipoishia.

Juu ya maji kuna utando wa mafuta unaometameta. Huo siutoi kwa pampu. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL una kiambatisho kizima kuhusu kuzuia mafuta kuchafua bahari, lakini hata usingekuwepo, sisi tunavua humohumo. Nayafyonza kwa matambara yanayonyonya mafuta, nayakamua kwenye dumu la taka, narudia mpaka uso wa maji uwe safi.

Saa 1 na nusu asubuhi

Kijana anayenisaidia amefika. Anauliza, "Kaka, tuanze na pampu?"

"Bado. Tuanze na njia ya kufikia pampu."

Chini ya kila taruma kuna kitundu kidogo ambacho maji hupitia yakielekea tezi, yaani nyuma ya chombo, ambako pampu imekaa. Vitundu hivyo vikiziba, maji yanajikusanya upande wa omo, yaani mbele, mashua inainama, na pampu nzima kabisa inakaa kwenye ngama kavu bila kujua lolote. Nampa kijana kipande cha waya mgumu, apitie kitundu kimoja baada ya kingine. Vinatoka magamba ya samaki, vipande vya kamba, rangi iliyobanduka, nyuzi za nyavu, na tope jeusi lenye harufu kali. Kisha anamwaga ndoo ya maji omo, na mimi niko tezi nasubiri. Yanachelewa mahali pamoja tu, katikati. Anarudi na waya, anachokonoa tena, yanapita.

Kazi hii haina heshima kwa watu, lakini naiweka mbele ya zote. Pampu haiwezi kutoa maji yasiyoifikia.

Saa 3 asubuhi

Sasa pampu yenyewe. Natoa fyuzi kwanza, ili isije ikajiwasha vidole vyangu vikiwa ndani. Nabonyeza vishikizo vya pembeni, mwili wa pampu unajinyofoa kwenye chujio lake. Chujio limefunikwa magamba karibu nusu ya nafasi zake. Hilo ni la kusugua kwa mswaki na kusuuza.

Kinachonishughulisha ni impela, gurudumu dogo lenye mapezi linalosukuma maji. Naigeuza kwa kidole na inakuwa nzito. Impela nzuri inazunguka kwa urahisi. Naisogeza kwenye mwanga wa taa ya kichwani na kuona uzi mwembamba wa nailoni, ule wa mshipi, umejizungusha nyuma ya impela kwenye shafti, mhimili unaoizungusha. Umebana sana, mzunguko juu ya mzunguko, hadi unaonekana kama sehemu ya pampu. Nachukua kiwembe, naukata upande mmoja taratibu bila kuigusa shafti, kisha nauvuta kwa koleo ndogo. Unatoka vipande vipande, na vile vya ndani kabisa vimeyeyuka kidogo kwa joto na kugandamana.

Uzi wa namna hii una madhara mawili. Unaielemea mota, ivute umeme mwingi na kutoa maji machache. Kisha unasukuma sili ya shafti, na sili ikishaharibika maji ya chumvi yanaingia kwenye mota yenyewe, na pampu hiyo haiponi. Natazama sili kwa kioo kidogo: bado nzima. Nazungusha impela tena kwa kidole, sasa inakwenda yenyewe.

Saa 4 na nusu

Nyaya. Hapa ndipo natumia muda mrefu kuliko popote, kwa sababu pampu nyingi zinazosemwa zimekufa hazijafa. Zimekosa umeme wa kutosha.

Narudisha fyuzi, kijana anamimina maji ngamani, nawasha. Pampu inavuma. Kuvuma hakuniambii kitu. Nachukua mita. Kwenye betri, pampu ikiwa inafanya kazi, nasoma volti 12.4. Kwenye nyaya za pampu, volti 11. Volti 1.4 zimepotea njiani, zaidi ya asilimia 11. Mimi sikubali zipotee zaidi ya asilimia 3. Volti zikipungua mota inapunguza mwendo, na impela ikipunguza mwendo maji yanapungua hata kuliko unavyodhani, hasa pale mpira unapopanda juu.

Nazifuata nyaya kwa mkono, sentimita kwa sentimita. Kiungo kimoja cha zamani kimefungwa kwa utepe wa kawaida na kimelala chini, mahali ambapo maji hukifikia kila yanapojaa. Nafungua utepe. Ndani kuna unga wa kijani, na nikiminya waya unakatika mkononi. Nauchuna zaidi: shaba ni nyeusi. Chumvi hupanda ndani ya waya chini ya ganda lake, usiione kwa nje. Naendelea kukata hadi nafika kwenye shaba inayong'aa, na nimepoteza karibu shibiri moja ya waya.

Waya mpya ninaouunga ni wa shaba iliyopakwa bati, ule wa vyombo vya majini. Naubana kwa koleo la kubania, navuta kwa nguvu kuhakikisha, kisha nafunika kwa mrija unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Kiungo kipya nakifunga juu kabisa, chini ya sitaha, ambako maji ya ngama hayafiki labda tuwe tunazama. Napima tena: volti 12.1 kwenye pampu.

Kijana ameshika fyuzi, anaigeuzageuza. "Kaka, hii si ndogo? Tukiweka kubwa zaidi haitakatika ovyo."

Namwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mwili wa pampu. Mtengenezaji ameandika ukubwa wa fyuzi. Impela ikikwama na uzi kama ule wa leo, mota inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Fyuzi sahihi inakatika, tunajua kuna tatizo. Fyuzi kubwa haikatiki. Kinachoungua ni mota, au waya, na waya ukiungua katikati ya mbao zenye mafuta tuna moto baharini. Anairudisha ileile.

Saa 6 mchana

Jua kali. Tunapumzika kivulini, tunanoa koleo na kupanga zana.

Saa 7 mchana

Swichi ya floti, yaani boya dogo linaloelea na kuwasha pampu maji yakipanda. Kuinua floti kwa kidole na kusikia pampu ikiwaka kunathibitisha waya tu, hakuthibitishi floti. Ikiwa imejaa maji ndani haitaelea, na ukiinua kwa mkono hutajua. Kwa hiyo tunamwaga maji ngamani na kungoja bila kugusa chochote. Floti inanyanyuka, pampu inawaka yenyewe, maji yanashuka, floti inalala, pampu inazima. Tunarudia. Mara ya pili floti inasita kulala: grisi iliyoganda kwenye bawaba. Floti inayogoma kulala inaiacha pampu ikizunguka kavu usiku kucha hadi betri iishe, na mvua ikinyesha baada ya hapo hakuna wa kutoa maji. Nasafisha bawaba hadi iwe nyepesi.

Floti yetu imeungwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, bila kupita swichi kuu. Tukifunga chombo na kwenda nyumbani kila kitu kinazimwa, isipokuwa hiyo.

Saa 8 mchana

Jaribio ninalolithamini kuliko yote. Ndoo ya lita 20, saa ya mkononi, na kijana amening'inia ubavuni akikinga maji yanapotokea.

Pampu yetu imeandikwa galoni 1,100 za Marekani kwa saa, yaani takriban lita 4,160. Namba hiyo hupimwa maji yakitoka bila kupandishwa. Chombo halisi kina mpira unaopanda, kona, na msuguano. Mara ya kwanza ndoo inajaa kwa sekunde 31, ambayo ni kama lita 2,300 kwa saa. Naona ni kidogo mno.

Nashuka tena na kuufuata mpira. Umelegea katikati, umetengeneza tumbo ambalo maji hubaki humo pampu ikizima, na hewa inanaswa nyuma yake. Naufunga upya ili upande juu mfululizo bila kushuka popote. Kipande cha mwisho ni mpira wenye mikunjo ndani. Nakibadilisha na laini. Pia natoa vali ya kuzuia maji kurudi, iliyokuwa imekaa pale tangu kabla yangu. Vali hiyo hukwama na uchafu, na hushikilia maji juu ya pampu hadi ishindwe kuanza. Kinga ya kweli ni tundu la kutokea kuwa juu, na kwenye mashua ya uvuvi maana yake ni juu hata tunaporudi na shehena kamili, mashua ikiwa imezama vidole kadhaa zaidi kuliko inavyoelea leo ikiwa tupu. Letu liko juu ya kutosha, na mpira unapanda hadi chini ya sitaha kabla ya kulifikia.

Ndoo tena: sekunde 24. Lita 50 kwa dakika, lita 3,000 kwa saa. Hapo nimeridhika.

Namweleza kijana kwa nini nahangaikia sekunde. Tundu la upana wa sentimita 2.5, nusu mita chini ya maji, huingiza takriban lita 55 kwa dakika. Pampu yetu, ikiwa safi na yenye volti zake, bado inashindwa kidogo. Asubuhi ingeshindwa vibaya. Tunachonunua kwa pampu ni dakika za kutafuta tundu na kuliziba.

Saa 10 alasiri

Kwa sababu hiyo tunamalizia na vingine. Pampu ya mkono: nafungua, natazama ngozi yake ya mpira kama ina nyufa, nasafisha vali zake mbili, kijana anaipiga mpaka jasho linamtoka na maji yanatoka kwa nguvu. Vizibo vya mbao: kimoja kimefungwa kwa kamba pembeni ya kila tundu la chombo lililo chini ya maji. Ndoo mbili zenye mpini imara.

Halafu yale maji ya chumvi ya asubuhi. Nakagua pale shafti ya rafadha (propela) inapotokea nje. Pakingi ya aina hii, nyuzi zilizobanwa kuizunguka shafti kuzuia maji, inatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti inapozunguka, ili isipate joto. Shafti ikisimama, matone yanatakiwa yakome au yabaki machache sana. Yetu inadondosha hata ikiwa imesimama. Nakaza nati zote mbili kwa usawa, robo mzunguko, tunawasha injini mashua ikiwa imefungwa, naweka mkono: haijapata joto, matone yapo. Tunazima, nangoja. Yanakoma.

Saa 12 jioni

Nahodha amepita. Simwambii habari ndefu. Namwomba akinge ndoo mwenyewe na kuhesabu. Anahesabu hadi 24, anatikisa kichwa kwa kukubali, anauliza kuhusu pakingi. Namweleza nilichokaza, na kwamba ikianza kudondosha tena haraka itabidi ibadilishwe chombo kikiwa nchi kavu.

Kwenye daftari la chombo naandika tarehe, volti za betri na za pampu, sekunde za ndoo kabla na baada, kiungo kilichobadilishwa, vali iliyotolewa. Chini yake naongeza vya kununua: sili na impela za akiba, fyuzi za saizi ileile, na mrija zaidi wa kusinyaa. Swichi naiacha upande wa kujiendesha.