Kuutazama mwezi mwandamo Nairobi

Leo tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu? Basi kabla ya Magharibi tafuteni paa lenye upeo wazi wa magharibi. Jua likiwa linazama kusini kidogo, kama Desemba, vilima vya Ngong vinakula kipande cha upeo. Wekeni alama pale jua lilipotua, kwa sababu hilali, yaani mwezi mwandamo wenyewe, haiendi mbali na hapo.

Ulizeni kwanza mwezi utatua dakika ngapi baada ya jua. Chini ya 30, kwa macho matupu ni kazi ngumu. 45 na zaidi kuna matumaini, mwezi ukiwa juu kama ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Msikate tamaa mapema: mara nyingi huonekana dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, wekundu ukishafifia. Darubini ya macho mawili ya 7x50 (inakuza mara 7, lenzi za mbele milimita 50) inatosha, lakini kamwe isielekezwe upande huo kabla jua halijazama.

Huku kwetu hilali hulala kama mtumbwi, pembe juu. Aliyeona "nukta inayong'aa" huenda ameona sayari ya Zuhura. Ushahidi upelekwe kwa Kadhi. Mawingu yakiziba, mwezi unatimizwa siku 30.