Nilivyosaga jiwe hadi nikauona mti

Vipande viwili vya kwanza vya jiwe niliviharibu. Kimoja kiliingia mapovu chini ya gundi, cha pili nilikisaga kwa pupa mpaka kikaisha, kioo kikabaki kitupu. Unakata bapa la jiwe, unalibandika kwenye kioo kwa epoksi, kisha unalisaga kwa unga wa karborandamu na maji hadi unene ubaki kama milimita 0.03, mwanga upite. Hapo mwishoni mkono unakwenda pole pole, mizunguko mitatu unatazama, mitatu unatazama.

Jiwe lenyewe lilikuwa kisukuku cha mti, yaani mti wa kale uliogeuka jiwe, kutoka Turkana, kilichowekwa kwa ajili ya kufundishia, nami nilitaka kujua ni mti gani. Ila kusaga haikuwa shida kubwa. Shida ni kwamba sikujua natafuta nini. Nikaenda kwa seremala mtaani kuomba vipande vya mvule na podo.

"Takataka hizi za nini, kijana?" Nilipomweleza, alichukua wembe mpya, akakata ncha ya mvule, akailowesha mate. "Tazama." Vitundu tele, kama vimetobolewa kwa sindano. Kwenye podo, hata kimoja.

Vitundu vile ni mishipa ya kupandisha maji. Miti mingi inayotoa maua inayo. Podo na jamaa zake misonobari hupitisha maji ndani ya seli nyembamba tu. Nikaelewa kwa nini mbao za mawe za Tendaguru, kule Lindi walikofukuliwa dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, ni za jamii ya misonobari: visukuku vya mimea ya maua huanza kuonekana waziwazi baadaye sana. Lakini kukosa vitundu peke yake si ushahidi kwamba mti hautoi maua. Amborella, mti mdogo wa kisiwa cha New Caledonia, unatoa maua na mishipa hiyo hauna.

Kipande cha tatu kilikubali. Chini ya hadubini vikatokea vitundu, kimoja kimoja na viwili viwili, vimezungukwa na seli nyepesi zilizochomoza pembeni kama mabawa. Mvule! Kalamu nilishaishika. Nikakumbuka kutazama mninga: una mabawa hayo hayo. Kwenye lebo nimeandika "mti wa maua", kwa penseli, na sasa nasaga bapa la upande wa pili.