Tuliwazika Simba mapema mno
Mimi ni Mwananchi wa damu, yaani shabiki wa Yanga, na Aprili 2025, baada ya Simba kufungwa 2-0 na Al Masry kule Misri katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tulikaa kwa kinyozi tukiwazika watani zetu kabla hata ya marudiano. Mzee mmoja mwenye skafu nyekundu, povu likiwa bado shavuni, alisema kwamba kwa Mkapa, uwanja wa nyumbani wa Simba, hatoki mtu, nasi tukamcheka. Tarehe 9, mabao ya Mpanzu na Mukwala yalisawazisha hesabu kabla ya mapumziko, kisha kwenye mikwaju ya penalti kipa wao Camara akapangua na Simba wakapita kwa 4-1. Nilipomkuta tena pale, mzee hakunitania hata kidogo. Alinisogezea kiti tu, na hilo ndilo lililoniuma.