Ngarenanyuki, kwa kina Kirilo Japhet

Basi la Ngarenanyuki halina haraka. Lilitoka Arusha asubuhi, likasimama Usa River kupakia watu na magunia, kisha likakata kushoto kufuata barabara inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watalii hulipa viingilio kuwaona twiga wa Momella. Sisi tuliwaona tukiwa tumepakata ndoo na vifaranga. Ukitokea upande wa pili, migomba imekwisha, vumbi limeanza. Mlima Meru uko magharibi, na mawingu yakikuhurumia, Kilimanjaro inachomoza mashariki.

Nilifuata nyayo za Kirilo Japhet. Shuleni habari za uhuru tulianzia Dar es Salaam, TANU, mwaka 1954. Kumbe miaka miwili nyuma Mmeru huyu alikwishafika New York kuishtaki serikali ya Mwingereza mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya ardhi hii hii.

Waingereza walitaka eneo lililo kati ya milima hii miwili liwe la walowezi wa kufuga ng'ombe, bila Mwafrika katikati. Mashamba ya Wameru, namba 31 na 328, yakawa kikwazo. Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, wakaambiwa wahamie Kingori.

Nilimkuta bibi mmoja kibarazani akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefuata nyanya?"

Nilipomwambia nimefuata habari za kuhamishwa, aliweka ungo chini. Alikuwa mtoto. "Baba aligoma kutoka ndani. Wakamtoa, wakawasha moto anaangalia." Kingori hakuisifia hata kidogo: joto, homa, ndama wakifa. Kuhusu Kirilo alichangamka. "Tulimchangia nauli. Asiye na hela alitoa mbuzi. Watu wakiulizana, huko Amerika nani atakayeijua Ngarenanyuki?"

Wakaijua. Mwaka 1952 Kirilo na wakili wake Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, walilifikisha shauri lile Umoja wa Mataifa. Kamati ya Nne ya Umoja huo ikapendekeza Wameru warudishiwe ardhi, lakini kwenye Baraza Kuu, Desemba, pendekezo likakosa theluthi mbili ya kura.

Kwa hesabu za kura walishindwa. Mimi naona kushindwa kule ndiko kulikomfanya Kirilo awe mtu wa nchi nzima. Angeshinda, pengine angerudi kulima. Badala yake alizunguka Tanganyika akieleza alichokiona na alichojibiwa, na watu wasiowahi kuuona Mlima Meru wakajua kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa. Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa Machi 1955, njia ilikuwa imeshakanyagwa.

Ufugaji wa walowezi haukushika, na Wameru wakarudi. Sasa mashamba ni ya nyanya: mifereji, pampu zinazonguruma, matenga yamepangwa barabarani yakisubiri Fuso. Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa akifunga tenga kama anamjua Kirilo.

"Yule aliyekwenda kutushtakia? Babu alimchangia," akasema, kisha akamgeukia dalali waliyekuwa wakibishana naye, maana alitaka tenga lijazwe lumbesa kwa bei ile ile.