Neno "Moyo"

"Daktari, moyo wangu mzito," shangazi alisema. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake nimempakatia mkoba wake, na najuta mpaka leo kwamba sikufungua kinywa.

Daktari aliinua macho kutoka kwenye kadi. "Umefiwa?"

Shangazi hajui kusema uongo. Akajibu kuwa ndiyo, mumewe alifariki mwaka uliotangulia. Basi, tangu hapo kila alichosema kilipitishwa njia hiyo hiyo. Taya linamuuma: "Unapata usingizi, mama?" Mgongo unamwaka moto: "Unafanya kazi gani?" Ya usafi. "Ah, kazi hiyo inachosha." Kichefuchefu tangu alfajiri: akaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo. Kwenye kadi yaliingia maneno mawili, "Wasiwasi. Majonzi", na hilo la pili likapigiwa mstari. Mashine ya kupima moyo ilikuwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi, naziona waya zake zikining'inia.

Mashine ile naijua. Miaka miwili kabla yake nilifika pale pale nikilalamika kifua, nimetoka kazini na tai shingoni. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza. Nilivuliwa shati, nikabandikwa waya, karatasi yenye mistari ikatoka. Msuli ulikuwa umekaza tu. Miongozo ya tiba inataka mtu mwenye dalili za mshtuko wa moyo apimwe hivyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Mimi mzima nilizipata dakika zangu. Na foleni ilikuwa ndefu siku zote mbili, kwa hiyo uchovu wa daktari hautoshi kunieleza jambo hili.

Usiku ule shangazi alilowa jasho la baridi, pumzi zikamwishia. Tuliporudi, muuguzi wa zamu hakuuliza habari za marehemu. Alimtazama usoni mara moja, akavuta mashine. Mshtuko wa moyo, na ulikuwa umeanza saa nyingi nyuma. Alipona, ila sehemu ya msuli wa moyo ilikwisha kufa. Ngazi anazipanda kwa kusimama simama.

Baadaye nilisoma kwa hasira. Wanawake, kuliko wanaume, ndio zaidi huingiwa na kichefuchefu, maumivu ya taya na ya mgongo wakati wa mshtuko wa moyo. Mwaka 1991 daktari wa moyo Bernadine Healy wa Marekani aliandika kwamba mwanamke hana budi kwanza aonyeshe kuwa anaugua kama mwanamume ndipo atibiwe kama yeye. Nchini humo humo, tangu 1977 hadi 1993, mwongozo wa serikali uliwaweka wanawake wa umri wa kuzaa nje ya majaribio ya mwanzo ya dawa nyingi. Lakini mimi huirudia ile sentensi ya shangazi. Katika Kiswahili chetu moyo ndio unaohuzunika, unaopenda, unaokata tamaa. Mjane mfanya usafi akiutaja, husikika anasimulia maisha yake. Mimi nilitaja kifua.

Siku za kliniki tunakaa wote kwenye benchi la korido, naye hufanya mazoezi kwa sauti ya chini kabla ya kuitwa: "Kifua kinabana. Kinabana nikitembea. Kinashuka mkono wa kushoto." Neno moyo halitaji tena.